Muulize Kapteni: Rubani aijue ndege yake hadi wapi?

SWALI: Shikamoo Kapteni. Mimi ni rubani msaidizi mpya wa ATR 72, ile ndege ya abiria ya propela mbili, nimetoka kwenye simyuleta juzijuzi. Ninarushwa na makapteni wa aina mbili. Mmoja tukitulia tu angani ananibana: pampu hii inakula umeme wa wapi, vali ile ikikosa umeme inabaki wazi au inajifunga? Mwingine ananiambia nisijichoshe, ndege za siku hizi zinajieleza zenyewe, kazi yangu ni kufungua chekilisti na kuifuata. Nimsikilize nani? *Rubani msaidizi, Mwanza*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msikilize huyo anayekubana.

Chekilisti naiheshimu, na kwenye ndege yangu hakuna aliyewahi kuiruka mbele ya macho yangu nikanyamaza. Lakini chekilisti huanza kazi pale ambapo wewe umeshaamua tatizo ni lipi. Ukifungua ukurasa usio wake, utaufuata neno kwa neno na bado mambo yakaharibika. Kuchagua ukurasa ni kazi ya kichwa chako.

Alfajiri ya tarehe 24 Agosti 2001, Airbus A330 ya Air Transat ilikuwa juu ya Atlantiki, ikitoka Toronto kwenda Lisbon na watu 306. Bomba la mafuta la injini ya kulia lilichanika kwa kusuguana na bomba la haidroliki (majimaji ya presha yanayosukuma viungo vya ndege), kwa sababu injini hiyo ilikuwa imefungwa vifaa visivyooana. Dalili ya kwanza waliyoiona marubani haikuhusu mafuta. Oili ya injini ya kulia ilikuwa baridi kuliko kawaida na presha yake iko juu. Wakadhani ni vipimo vinavyodanganya. Tazama hapo sasa: oili ya injini hupozwa na mafuta yanayopita jirani yake. Oili ikipoa ghafla namna ile, swali la kujiuliza ni kwa nini mafuta mengi hivyo yanapita.

Baadaye kidogo ndege ikawaambia mafuta ya mabawa mawili hayalingani. Wakafungua vali ya kuvusha mafuta kutoka bawa hadi bawa, kwa kukumbuka tu, bila kusoma ukurasa wenye onyo la kuangalia kwanza kama kuna uvujaji. Mafuta mazima ya kushoto yakafuata njia ya kulia na kumwagikia baharini. Injini zote mbili zikazima. Kapteni Robert Piché na msaidizi wake Dirk DeJager waliitelezesha ile ndege kama dakika 19 hadi uwanja wa Lajes, visiwa vya Azores, na hakuna aliyekufa. Kwa urushaji ule nawavulia kofia. Ila mwanangu, safari ile ilihitaji mtu mmoja aseme, "Subirini, hii oili baridi inatuambia kitu."

Sasa, ujue hadi wapi? Kipimo changu ni hiki: kila kitu unachokigusa humo ndani ujue kinalishwa na nini, kikifa kinaondoka na nani, na nani anabaki. Darasani huwa nampa mwanafunzi karatasi nyeupe, nazima projekta, namwambia nichoree umeme wa ATR. Wengi huchora masanduku mazuri sana. Kisha nauliza: mbona tukiegesha Dodoma, injini ya kulia inaunguruma, propela imefungwa breki, taa na kiyoyozi vinafanya kazi, lakini jenereta za ACW (umeme wa AC wenye masafa yasiyotulia) hazitoi kitu? Aliyeelewa anajibu hapo hapo kwamba jenereta za DC (umeme wa mkondo mnyoofu) zinazungushwa na injini yenyewe, ila za ACW zinazungushwa kupitia giaboksi ya propela, na propela imesimama.

Namsogeza mbele. Uko futi 17,000 juu ya Iringa, ndani ya wingu zito, na ACW zote mbili zimekufa. (Asikudanganye mtu kwamba kwetu karibu na ikweta hakuna barafu. Panda hadi futi 16,000 hivi uione.) Nini kimeondoka? Joto la propela limeondoka, na la vioo vya mbele. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutoka kwenye barafu. Pampu kuu mbili za haidroliki nazo zimeondoka, maana chakula chake ni ACW. Nini kimebaki? Mipira ya kupasua barafu kwenye mabawa, kwa sababu inajazwa hewa ya injini. Usukani, kwa sababu unavuta nyaya. Ile pampu ndogo ya akiba inakula DC, kwa hiyo upande wa bluu, mmoja wa mifumo miwili ya haidroliki (mwingine ni wa kijani), unao, na flapu zako zimo humo pamoja na breki ya dharura. Magurudumu ni ya upande wa kijani, lakini hata yakikosa presha yanaweza kuangushwa yashuke kwa uzito wake. Mwanafunzi aliyefika hapo, akifungua kitabu cha dharura anajua kila mstari umewekwa kwa sababu gani. Akikosea ukurasa, atashtuka mwenyewe kabla hajafika mstari wa tatu.

Hilo la "nini kimebaki" lilimsaidia sana Kapteni Richard de Crespigny wa Qantas. Tarehe 4 Novemba 2010 injini moja ya Airbus A380 yake ilipasuka muda mfupi baada ya kuondoka Singapore, vipande vikakata nyaya na mabomba bawani. Skrini ikamwaga ujumbe wa hitilafu mmoja baada ya mwingine, na walichukua kama dakika 50 kuupitia wote. Ameeleza mwenyewe kwamba ilifika mahali akaacha kuhesabu vilivyoharibika, akaanza kuijenga ndege upya kichwani kwa vile vinavyofanya kazi. Watu wote 469 walishuka salama. Huwezi kuijenga ndege kichwani kama haikuwahi kuwemo.

Lakini huyo kapteni wako anayekubana usimfuate kila anakokupeleka. Akikuuliza idadi ya vijiti vya kutolea umeme tuli kwenye mabawa, mjibu ukikumbuka, usipokumbuka lala usingizi wako. Kuna wakaguzi waliozoea kupima watu kwa namba za namna hiyo. Desturi ile ina asili ya enzi ambazo chumba cha marubani kilikuwa na mhandisi wa ndege, kama kwenye Super VC10 za East African Airways. Kiti chake kimeondolewa, kazi yake wamegawana kompyuta na nyie wawili, lakini maswali yake yamebaki bila kuchujwa.

Jambo jingine, na hili nakuomba ulichukulie kwa uzito: maarifa yaliyopitwa na wakati ni hatari kuliko kutojua. Tarehe 8 Januari 1989 Boeing 737-400 ya British Midland ilianguka karibu na Kegworth, Uingereza, na watu 47 wakafariki. Ubapa mmoja wa pangaboi la injini ya kushoto ulikatika, moshi ukaingia, na marubani wakaizima injini ya kulia iliyokuwa nzima. Kapteni aliwaeleza wachunguzi kwamba alivyouelewa mfumo wa hewa, moshi ule ulielekea kutoka kulia. Wachunguzi wakasema hoja hiyo ingeweza kufaa kwenye ndege nyingine alizowahi kurusha. Kwenye 737-400, sehemu ya hewa ya abiria ilitoka injini ya kushoto pia. Kwa hiyo siku ukihamishwa kutoka ATR 42 kwenda 72, au kutoka toleo la 500 kwenda 600, anza na ukurasa wa tofauti, hata kama umeambiwa ni ndege ile ile. Na angani, ukihisi umeshajua ni injini ipi, mwombe mwenzako athibitishe kabla mkono haujavuta kitu.

SWALI: Asalaam aleikum Kapteni. Ile ndege ya Ethiopia iliyokuwa inakuja Nairobi mwaka 2019 ilichukua watu wetu wengi. Nasikia marubani hawakuambiwa kuwa kuna kompyuta inayosukuma pua chini. Ni kweli? Mwanangu husafiri na ndege za aina ile. *Mama wa watatu, Mombasa*

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Mfumo ule unaitwa MCAS, na kabla ya ajali ya Lion Air ya tarehe 29 Oktoba 2018, iliyoua watu 189, haukuelezwa kwenye vitabu vya marubani wa 737 MAX. Baada yake maelekezo yalitolewa. Marubani wa Ethiopia, tarehe 10 Machi 2019, walikata umeme wa mfumo huo kama walivyoelekezwa, lakini ndege ilikuwa na kasi kubwa mno na gurudumu la mkono la kurekebishia mkia ili pua inyanyuke likawashinda kuzungusha. Watu 157 wakafariki, Wakenya 32 miongoni mwao. Inaniuma hadi leo, kwa sababu kijana wangu wa Mwanza hapo juu naweza kumbana achore mfumo wote, lakini hawezi kuchora kitu ambacho kiwanda hakikumwambia kipo.

Ndege zile zilisimamishwa dunia nzima, na Marekani ikaziruhusu tena Novemba 2020. Sasa MCAS inalinganisha vipimo viwili badala ya kuamini kimoja, haisukumi tena na tena, na rubani lazima aipitie kwenye simyuleta kabla ya kuirusha. Mwanao asafiri, mama. Mimi nikipangiwa tiketi ya ndege hiyo napanda.