Kipimo cha jeni kimemkataza mkimbiaji wangu maziwa na ugali: avumilie?

Swali: Mtaalamu, mimi ni kocha wa wakimbiaji chipukizi hapa Kapsabet. Kijana wangu mmoja wa mita 5,000, mwenye umri wa miaka 19, alipimwa jeni kwa mate. Ripoti inasema kwamba mwili wake haumudu maziwa, kwamba apunguze ugali kwa kuwa jeni zake hazitumii wanga vyema, na kwamba anunue makopo matatu ya virutubishi yaliyochanganywa kulingana na DNA yake. Yapata majuma matano tangu aache mursik (maziwa yetu ya kuchachusha) na ugali wa jioni, naye amepungua kilo 3 na mazoezi ya kasi yanamshinda. Nimwambie avumilie hadi mwili uzoee?

Jibu: Kocha, mrudishe kijana kwenye ugali na maziwa jioni ya leo, kisha tuizungumzie karatasi hiyo. Mkimbiaji wa umri wake hana mafuta ya kupoteza kilo 3; kilichoondoka ni misuli na akiba ya wanga, na hakuna mwili unaozoea njaa ukaendelea kukimbia vizuri.

Uhusiano kati ya jeni na chakula upo, na wanaouchunguza ni watu makini. Kinachonikera, na hunifikia hapa Nakuru karibu kila juma, ni imani kwamba jeni ikisomwa katika maabara yoyote hutoa amri ileile kwa kila mtu, awe mzaliwa wa Nandi au wa Norwei. Maziwa ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Karibu kila mtoto mchanga huzaliwa na kimeng'enya cha laktesi kinachovunja sukari ya maziwa, na kwa watu wengi duniani hupungua baada ya kuachishwa ziwa. Wale wanaoendelea kuwa nacho ukubwani wana badiliko la herufi moja karibu na jeni husika, lakini badiliko hilo si moja kwa watu wote. La watu wa Ulaya liko katika nafasi ya DNA inayoitwa 13910. Mwaka 2007, timu ya Sarah Tishkoff ilionyesha kwamba jamii za Afrika Mashariki zina mabadiliko yao mengine, na lililoenea zaidi Kenya na Tanzania liko katika nafasi ya 14010. Sasa fungua ukurasa wa maziwa katika ripoti ya kijana wako. Ukikuta nambari 13910, au alama rs4988235, peke yake, basi maabara hiyo ilitafuta badiliko la Ulaya ndani ya mate ya Mnandi, haikuliona, ikaandika kwamba hamudu maziwa.

Kijana aliyekunywa maziwa tangu utotoni bila tumbo kujaa gesi wala kuharisha amekwisha kujipima, na kipimo hicho kinashinda cha mate. Mursik yenyewe, ikishalala ndani ya sotet, kibuyu chake, siku kadhaa, sehemu ya sukari yake huwa imekwisha kuliwa na bakteria.

Kuhusu wanga, nashindwa kuelewa jinsi mtu anavyothubutu kumwandikia mkimbiaji wa Kapsabet aogope ugali. Mwaka 2004, Vincent Onywera na wenzake walichapisha utafiti ambamo walipima kila walichokula wakimbiaji 10 wa Kikalenjin wa kiwango cha juu kwa siku saba, wakakuta kwamba asilimia 76.5 ya nishati yao ilitokana na wanga, yaani takribani gramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Upungufu waliouona ulikuwa wa nishati kwa jumla, kwani wanariadha hao walikula pungufu ya walichotumia. Nao wanaodai kwamba jeni huchagua nani ale wanga na nani ale mafuta wakumbushwe jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford lililochapishwa mwaka 2018: watu wazima 609 wenye uzito wa kupita kiasi walifuatwa kwa miezi 12, na jeni zilizodhaniwa kuonyesha mlo unaomfaa kila mmoja hazikuweza kutabiri nani angepungua zaidi.

Mwezi uliopita, binti mmoja wa mita 10,000 aliniwekea mezani ripoti ya kurasa 34, yenye duara la kijani, la kusema yuko salama, kando ya neno "chuma", yaani madini ya chuma. Kwa sababu ya duara hilo alikuwa amepuuza uchovu wa miezi minne. Nilimvuta kope la chini, nikaona weupe mahali palipostahili wekundu. Tulipopima damu, ferritini yake, inayoonyesha akiba ya chuma mwilini, ilikuwa chini mno. Jeni zilikuwa hazijasema uongo. Zilikuwa tu hazijui kwamba hedhi yake ni nzito, kwamba anakula kidogo, na kwamba kila sahani ya mboga za managu anaisindikiza na vikombe viwili vya chai, ambayo huzuia chuma kufyonzwa. Hali ya leo huonekana kwenye damu, kwa hiyo mpeleke kijana wako hospitalini apimwe damu kamili pamoja na ferritini, na chai aihamishie saa moja au mbili baada ya chakula.

Kipimo cha urithi ambacho ningetamani makocha wakiulizie ni cha selimundu, hasa kwa vijana wa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Busia, ambako wabebaji wa jeni ya ugonjwa huo ni wengi. Mbebaji hucheza na kukimbia kama wengine, ila mazoezi mazito ya ghafla katika joto, bila maji ya kutosha, yanaweza kuvunja misuli yake hata kuhatarisha uhai. Kipimo hicho ni cha damu, hufanywa hospitalini, na hakiandamani na kopo lolote.

Kwenye makopo ndipo biashara ilipo, na ndipo hofu yangu kubwa ilipo. Mwaka 2015, kundi la wataalamu wa kimataifa lilitamka katika jarida la Uingereza la tiba ya michezo kwamba vipimo vya jeni vinavyouzwa moja kwa moja kwa wateja havina nafasi katika kutambua vipaji wala kupanga mazoezi ya mwanariadha. Wauzaji wanaendelea, kwa sababu ripoti ni chambo tu na kopo hununuliwa kila mwezi. Virutubishi vya makopo vimewahi kukutwa na dawa zilizopigwa marufuku ambazo hazikuandikwa kwenye lebo, na kanuni za kupambana na dawa hizo humwajibisha mwanariadha kwa chochote kitakachoonekana mwilini mwake, hata kama hakukusudia. Muuzaji hasimami mbele ya jopo la nidhamu. Anayesimama ni kijana wa miaka 19. Mwambie aache makopo yote matatu leo, lakini asiyatupe: ayahifadhi pamoja na risiti na nambari ya toleo iliyo chini ya kila kopo, na iwapo maafisa wa ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa hizo michezoni, watamchukua sampuli ya mkojo, ayataje yote kwenye fomu kabla ya kutia sahihi.