Buruta Kwanza, Kanuni Baadaye: GeoGebra Katika Kipindi cha Jometri

Mwalimu unayeanza kutumia GeoGebra, programu ya kompyuta na kishikwambi ya kuchora na kupima maumbo ya jometri, usiichukue kama mashine ya kuchora michoro safi. Ubao na bikari kubwa ya mbao vinaifanya kazi hiyo vizuri tu. Nguvu ya programu hii iko katika kuburuta: unashika ncha moja ya umbo, unaivuta, umbo zima linafuata, na kile kinachokataa kubadilika ndicho kanuni unayotaka wanafunzi waione. Kipindi kikipita bila kitu kuburutwa, chaki ingetosha.

Anza na mraba. Mwite mwanafunzi aweke nukta nne kwa kukadiria kwa macho na kuziunganisha. Utaonekana mraba kabisa. Mwambie aburute ncha moja: umbo linapinda mara moja. Sasa ujengeni upya. Chora kipande cha mstari AB. Pitisha mstari wa pembemraba kwenye A na mwingine kwenye B. Chora duara lenye kitovu A linalopita B. Linapokata ule mstari wa A, weka D. Kutoka D pitisha mstari sambamba na AB. Unapokutana na mstari wa B ndipo C ilipo. Unganisha nukta nne, ficha duara na mistari ya kusaidia, kisha uburute A. Mraba unakua, unapungua, unazunguka, lakini unabaki mraba. Hapo mwanafunzi anatambua tofauti kati ya umbo linalofanana na mraba na umbo lililofungwa na masharti ya mraba. Programu ina kitufe kinachotoa mraba kwa mibofyo michache. Usiwaonyeshe mpaka wamejenga wenyewe, kwa sababu kinaficha masharti yote.

Maandalizi ya skrini yanaharibu vipindi vingi kuliko hisabati yenyewe. Projekta ikiwekwa upande au ikiinamishwa sana, picha inapanuka upande mmoja na kubana upande mwingine, na pembemraba inaacha kuonekana pembemraba. Iweke mbele ya ukuta, katikati, ndipo urekebishe umbo la picha kwenye projekta. Hakikisha pia mizani ya jira zote mbili, yaani mistari ya x na y, ni 1:1, la sivyo duara litatokea kama yai na hutaaminiwa tena. Ficha jira na vijisanduku vya nyuma, na zima ule mvuto unaozifanya nukta zinase kwenye makutano ya vijisanduku. Ukiuacha, urefu unatoka namba kamili kila mara na darasa linadhani ndiyo kawaida. Maandishi yawe ukubwa wa 24 au 28, mistari iwe minene, rangi iwe bluu iliyokolea au nyekundu. Njano kwenye ukuta mweupe haionekani kwa aliyekaa nyuma.

Mada inayofaidika zaidi ni pembe katika duara, nayo ina mitego yake. Chora duara lenye kitovu O linalopita A. Weka B na C kwa kubofya mstari wa duara wenyewe. Ukibofya pembeni kidogo tu, C inakuwa nukta huru, na ikiburutwa inatoka nje ya duara huku namba zikibadilika ovyo. Jaribu kila nukta kabla ya kuingia darasani. Weka A chini kushoto, B chini kulia, C juu. Kupima pembe, bofya A, C, B kwa mpangilio huo: herufi ya katikati ndiyo ncha, na programu inapima kinyume cha mwendo wa saa. Ukiona 310 badala ya 50, hujakosea jometri, umebofya kwa mpangilio wa kinyume. Kisha pima A, O, B.

Tuseme pembe ya O ni 100 na ya C ni 50. Kabla ya kugusa C, kila mwanafunzi aandike kwenye daftari: C ikisogea kuelekea B, pembe yake itaongezeka, itapungua, au itabaki? Usiruke hatua hii. Asiyejifunga na jibu anatazama skrini kama anavyotazama video. Wengi huandika itapungua. Buruta polepole, 50 inabaki 50 kwenye tao lote kubwa, yaani sehemu ndefu ya duara kati ya A na B.

Sasa vusha C mpaka tao dogo, chini. Usipokuwa umejiandaa, skrini itasema 230, nawe utababaika. Nenda mapema kwenye sifa za pembe ya C, uifunge kati ya 0 na 180, itasoma 130. Darasa litasema kanuni imevunjika, maana 130 si nusu ya 100. Waache wabishane kwa dakika mbili au tatu, kisha pima pembe ya O upande wa pili, yaani B, O, A. Inatoka 260. Wataona wenyewe kwamba pembe ya C ni nusu ya pembe ya O inayotazama tao ambalo C haipo.

Baada ya hapo geuka ubaoni. Kuburuta mara mia si uthibitisho, na mwanafunzi aambiwe hivyo waziwazi. Chora mstari kutoka C kupitia O. Zinapatikana pembetatu mbili zenye pande mbili sawa, kwa kuwa OA, OB na OC ni nusukipenyo, na pembe za nje zinamaliza kazi. Skrini yenyewe inaweza kukusaliti: ukiweka namba bila desimali, pembetatu yenye pembe 61.4, 57.4 na 61.2 itasomeka 61, 57 na 61, jumla 179. Weka desimali moja au mbili, na ueleze kukadiria namba kabla hawajauliza.

Walimu wengi wa Tanzania wana vishikwambi vilivyogawiwa baada ya Sensa ya 2022. GeoGebra ikishasakinishwa inachora bila intaneti. Kifaa kimoja kwa wanafunzi wanne kinatosha: mmoja aburute, mmoja aandike vipimo, wawili watabiri, wabadilishane kila dakika tano. Kidole hufunika nukta, kwa hiyo wakuze mchoro kwanza.

Umeme ukikatika, kompyuta mpakato itaendelea kuwaka lakini projekta itazima. Andaa ubao wenye duara lililochorwa, misumari miwili kwenye A na B, mingine kadhaa kwenye mzingo, na mpira wa kufungia. Mpira ukihamishwa kutoka msumari hadi msumari, pembe inapimwa kwa kipimapembe, na swali la kutabiri ni lilelile.

Bikari ya daftari isilale. Mtihani unafanywa kwa kalamu, na KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, huuliza ujenzi kwa rula na bikari tu. Kila kilichojengwa kwenye skrini kijengwe kwenye karatasi siku hiyohiyo, kwa hatua zilezile, huku matao ya bikari yakiachwa yaonekane bila kufutwa.