Kibao cha Nne cha Bibi: Kwa Wazazi Tunaolelea Ughaibuni

Katika droo ya kabati la sebuleni kwetu hapa Leicester, Uingereza, kuna vibao vya nambari, moja hadi kumi, seti tano. Nilivikata kwa maboksi ya majani ya chai. Seti ya mama yangu utaitambua upesi: tisa bado ni vipya, ila cha 4 kimekunjika pembe na wino umefifia kwa kushikwashikwa. Mama hakuwa mtu wa kugawa alama ovyo.

Ninaandika haya kwa sababu wazazi wenzangu huniuliza mara kwa mara tumewezaje kukaa sebule moja na watoto wetu hadi wakafika miaka kumi na minane bila kila mtu kujifungia na simu yake. Jibu langu huwashangaza. Kwetu ilikuwa ni kipindi cha dansi.

Kipindi chenyewe ni Strictly Come Dancing, ambacho BBC ilianza kukirusha Mei 2004. Kila mwaka, kuanzia Septemba hadi karibu na Krismasi, watu mashuhuri ambao dansi si kazi yao, waigizaji, wanamichezo, watangazaji, hata wanasiasa, kila mmoja hupewa mwenzi aliyebobea. Wiki hii wanajifunza waltz, wiki ijayo tango, kisha cha-cha, foxtrot, rumba. Majaji ni wanne, kila mmoja ana alama 10, jumla 40. Watazamaji nao wanapiga kura, na mambo hayo mawili yanachanganywa. Wawili walio chini kabisa hucheza tena, mmoja anaaga.

Sisi tulianza mwaka 2011. Mama alikuwa amekuja kutoka Tanga baada ya baba kufariki, na miezi ile ya kwanza ilikuwa migumu kwake. Kiingereza hakijui, baridi inamuuma magoti, mchana kutwa yuko peke yake. Mimi nilikuwa nafanya zamu za Jumamosi za kutunza wazee wa watu, nikirudi namkuta mzazi wangu mwenyewe amekaa gizani hajawasha hata taa. Usiku mmoja wa Novemba nilifika nikamkuta yeye na wanangu, wa kiume alikuwa na miaka minane na wa kike mitano, wamesimama mbele ya runinga wanapiga kelele. Mnajimu mmoja mnene, Russell Grant, alikuwa amefyatuliwa kutoka kwenye mzinga katika ukumbi wa Wembley, akiwa amevaa mavazi ya dansi. Mama alikuwa ameshika khanga kifuani. "Mwanangu, wamempiga mtu kwa mzinga na bado akasimama kucheza!" Sikuwa nimemsikia akicheka tangu atue Heathrow.

Wiki iliyofuata niliomba nibadilishiwe zamu. Nilikataliwa. Nikaomba tena, na tena, mpaka nikapata Jumapili badala ya Jumamosi, kwa saa chache zaidi na fedha pungufu. Nasema wazi ili asiyeweza asijilaumu, lakini anayeweza alipe gharama hiyo. Fedha ile nimesahau hata ilikuwa kiasi gani.

Mume wangu yeye alivutwa na mpira. Mwaka huohuo alishiriki Robbie Savage, aliyewahi kuichezea Leicester City, na baba watoto akasema ataketi "amwone tu Savage". Savage akatolewa. Mume wangu hakuondoka.

Sasa nije kwenye vibao, maana hapo ndipo penye siri yote. Kukaa pamoja mbele ya runinga peke yake hakutoshi. Familia ngapi zinakaa hivyo na hakuna anayemsemesha mwenzie! Kilichotubadilisha ni sharti moja: dansi ikiisha, kila mtu anainua kibao chake kabla majaji hawajatoa alama zao, kisha anaeleza sababu. Mtoto wa kidato ambaye ukimuuliza habari za shule anakujibu "poa" atabishana nawe robo saa nzima kutetea 7 yake. Amepewa nambari ya kulinda. Na sababu zake ndizo zinazokuonyesha moyoni mwake mna nini, kuliko swali lolote utakalomuuliza uso kwa uso.

Mfano ni mwaka 2016. Ed Balls, aliyekuwa mwanasiasa mkubwa wa chama cha Labour na kupoteza kiti chake bungeni mwaka uliotangulia, alikuwa anacheza vibaya lakini kwa furaha kubwa, na kura za wananchi zikawa zinambakisha wiki baada ya wiki. Binti yangu alikuwa na miaka kumi. Alikasirika kweli. Alisema si haki, anamzibia nafasi mtu anayejua. Kaka yake, kumi na mitatu, akasema anayejitahidi asifukuzwe kwa sababu tu hajui. Walibishana mpaka machozi. Hapo ndipo nilipojua kwamba mwanangu wa kiume alikuwa ameachwa nje ya timu ya mpira ya shule. Hakuwa ametuambia.

Mama aliinua kibao chake cha 4. "Miguu yake 4. Lakini kura yangu mpeni." Nakubaliana naye hadi leo. Mtathmini mtu kwa ukweli, kisha mpe nafasi ya kurudi. Ndiyo maana alimpenda Craig Revel Horwood, jaji ambaye ukumbi mzima humzomea kwa alama zake ndogo. "Huyu hasemi uongo," mama alikuwa akisema, na alikuwa akisubiri uso wake kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Kitazameni kipindi wakati uleule kinaporushwa, si siku nyingine. Ule wasiwasi wa kutojua ndio unaowakusanya watu. Mwezi wa Septemba magharibi ilikuwa inaingia katikati ya kipindi, tukawa tunasimamisha picha, tunaswali pamoja, tunarudi. Oktoba saa zikirudishwa nyuma, hadi isha tumeshamaliza kabla hawajaanza. Dada yangu aliyeko Tanga tulikuwa tunampigia simu. Kwetu saa moja jioni, kwake saa nne za usiku, na bado alikuwa akitusubiri asikie mama amempa nani ngapi. Jumapili ndiyo ngumu. Matokeo hurushwa Jumapili lakini hurekodiwa usiku uleule wa Jumamosi, na jina la aliyetoka huvuja mtandaoni. Kwetu Jumapili simu zote zilikuwa zinakaa kwenye kapu la mkate tangu asubuhi.

Wapo watakaouliza kuhusu mavazi, na ni swali la haki. Mimi mwenyewe wiki za mwanzo nilikuwa nakimbilia rimoti kila mwanamke akitokea mgongo wazi. Mama ndiye aliyenizuia. Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, ndiye aliyenisomesha kwa cherehani ya miguu, na macho yake yalikuwa kwenye mshono. Aliwaonyesha wanangu kitambaa cha rangi ya mwili kilichofunika mgongo ule niliodhani uko wazi. Aliwaeleza kwa nini gauni la waltz hukatwa duara ili likizungushwa lifunguke lote, na kwa nini pindo lake limetiwa kitu kigumu kisichoonekana ili lisimame. Siku moja zipu ya mchezaji mmoja ilikuwa inaelekea kuachia, na mama akaiona kabla ya mtu yeyote, akabaki ameshika mkono wa mkwewe kwa hofu mpaka dansi ikaisha. Zungumzeni na watoto kuhusu nguo, staha na desturi zetu. Ukizima runinga hujawafundisha lolote, wataona peke yao mahali pengine.

Na usimwambie mzee "tusimulie historia yako". Atakuambia hana la kusema. Mpe kitu cha kubishania. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili nisijue kwamba mama yangu alicheza dansi. Ilitoka usiku wa rumba. Rumba ya kwenye kipindi hiki ni ya polepole, ya kunyoosha mikono na kuangaliana kwa huzuni. Mama aliitazama hadi mwisho, kibao hakuinua.

"Rumba ya wapi hii?"

Akaondoka kwenye kochi, akafunga khanga kiunoni, akamwita mjukuu wake, "Mume wangu, njoo nikuonyeshe." Miguu yake haikutoka hata kwenye kigae kimoja cha zulia. Mabega yametulia, kiuno kinakwenda taratibu kama mtu anayetikisa mtoto alale, na magoti yale yale yaliyokuwa yakimuuma yakawa yanainama bila shida. Kijana wa miaka kumi na miwili akamfuata. Kisha maneno yakaanza kumtoka: Tanga ya miaka ya 1960, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, magauni aliyowashonea wanawake kwa ajili ya dansi la Jumamosi, na lile moja alilojishonea mwenyewe akalificha kwa shangazi yake. Chachacha alikuwa akiijua kabla ya hao majaji. Baba yangu alikutana naye ukumbini. Mimi nilikuwa nimeambiwa walikutana harusini.

Tulizungumza mpaka saa saba za usiku. Nani alitoka wiki ile, hakuna aliyekumbuka.

La mwisho ni zito kwangu, lakini ndilo lililonifanya niandike. Mwaka 2021 alishiriki Rose Ayling-Ellis, mwigizaji ambaye ni kiziwi tangu kuzaliwa, akicheza na Giovanni Pernice. Novemba walicheza dansi ambayo katikati yake muziki ulikatwa kabisa. Kwa sekunde kadhaa walicheza katika ukimya, kwa heshima ya viziwi, na hatua hazikupotea. Sebuleni kwetu kila mtu aliganda. Binti yangu alijiziba mdomo. Nikamgeukia mama nione amelipokeaje.

Kidole chake kilikuwa kinagonga goti. Kilikuwa kikigonga tangu dansi ianze na hakikusita. Muziki uliporudi, kidole kiliendelea vilevile.

"Mbona mmejishika vinywa?" akauliza.

"Bibi, muziki ulizimwa."

Alinyamaza kidogo. "Mimi siku nyingi nafuata miguu yao."

Kwa miaka miwili kabla ya usiku ule nilikuwa nikimgombeza. Haitikii akiitwa, anapandisha sauti ya runinga, anajibu mambo ambayo hakuulizwa. Nilidhani ni ukaidi wa uzee, na Mungu ananijua, nilimwambia maneno hayo. Yeye aliona aibu kusema. Wiki hiyohiyo tulikwenda kwa daktari, akapimwa, na NHS, huduma ya afya ya umma ya hapa, ikampa vifaa vya masikio bila malipo. Siku ya kwanza kuvivaa alisikia birika la chai likichemka akiwa chumba cha pili, akaja kututazama mlangoni. Rose akashinda mwaka ule. Mama alimpa 10, ya kwanza na ya pekee kuitoa.

Kwa hiyo nakuomba: mkiwa mmekaa, muda fulani usitazame runinga, mtazame mzee wako. Anacheka wenzake wanapocheka, au baada yao? Anasogea mbele kuona? Yuko upande gani wa kochi, na sikio lipi limekuelekea? Yaliyokuwa pale yote yalikuwa wazi, sikuyaona kwa miaka miwili.

Mwaka 2022 alishinda Hamza Yassin, mpigapicha wa wanyamapori, mzaliwa wa Sudani aliyeletwa Uingereza akiwa na miaka minane. Mama alisikia kila neno la fainali ile. Mwanangu alikuwa ameshaingia chuo Manchester, akatutumia alama zake kwa picha, kibao kwa kibao.

Mama alifariki Februari 2023. Aprili akafariki Len Goodman, jaji mkuu wa miaka ya mwanzo, mzee ambaye wanangu walikuwa wakimwigiza anavyoitangaza saba yake, na mwanangu alinipigia simu kunipa habari hiyo akilia kama mtoto. Nilijua anamlilia nani.

Septemba ilipofika sikuwa na moyo wa kufungua droo. Binti yangu ndiye aliyeifungua. Akaweka seti zote tano mezani, ya mama mbele ya nafasi yake, na kwa wiki mbili hakuna aliyeigusa. Wiki ya tatu ilichezwa cha-cha, ya kupendeza, nikainua 8 yangu. Binti yangu akanyoosha mkono, akachukua kibao kile kilichokunjika pembe.

"Miguu, mama. Tazama miguu."

Nikarudisha picha nyuma nikatazama. Kisigino kilikuwa kinatangulia kila palipotakiwa vidole.