Kumpata mshauri nasaha mwenye leseni

Dada, umeuliza utajuaje kama mshauri nasaha uliyeelekezwa ana leseni kweli. Mwombe jina kamili na namba ya leseni, kisha zitafute kwenye orodha ya bodi inayowasajili. Tazama kama leseni bado iko hai na kama amewahi kuadhibiwa. Cheti cha semina kilichotundikwa ukutani si leseni, na kuna nchi ambako yeyote anaweza kujiita mshauri. Aliye halali hatanuna ukimuuliza. Akinuna, tafuta mwingine. Ukikosa wa karibu, muombe daktari wako akuandikie rufaa. Ila kama mawazo ya kujiua yameanza, tafadhali usingoje miadi: nenda hospitali leo hii, ukiwa na mtu unayemwamini.