Maswali ya Wasomaji: Damu ya Barabarani ni Juu ya Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, hivi karibuni tulimzika mtoto wa dada yangu, mwanafunzi wa darasa la tatu, aliyegongwa na basi akivuka barabara kuu inayopita kijijini kwetu. Msibani wengine walisema ajali haina kinga, wengine walitaka dereva anyongwe, na mjomba wetu mmoja alimlaumu marehemu kwa kuvuka bila kuangalia. Mimi nataka kujua: ni nani hasa wa kulaumiwa?
Msomaji, Gairo

JIBU: Pole sana, ndugu yetu, na utufikishie pole zetu kwa dada yako.

Nianze na dereva, kwa kuwa ndiye aliyeshika usukani. Kama alipita katikati ya kijiji kwa mwendo unaozidi kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa sheria yetu kwenye makazi ya watu, basi anayo hatia, na hakuna shida ya kazi itakayomwondolea. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hatari ya kufa kwa mtembea kwa miguu anayegongwa na gari huongezeka zaidi ya mara nne mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Tofauti hiyo ya kilomita 15, ambayo abiria aliyeketi ndani ya basi haihisi kabisa, kwa aliye nje ni uhai wenyewe. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inalitambua kosa la kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, na mahakama ndiyo itakayopima ushahidi.

Mjomba wenu simwafiki hata kidogo. Mtoto wa darasa la tatu hana uwezo wa kukadiria mwendo wa basi linalokuja, na kwa udogo wa umbo lake mara nyingi dereva hamwoni hadi awe ameshakanyaga lami. Kijiji kilichokatwa katikati na barabara kuu, shule ikiwa upande huu na nyumba upande ule, ni kijiji ambacho watoto wake watavuka kila asubuhi na kila mchana, na jambo hilo lilijulikana, au lilipaswa kujulikana, tangu siku barabara ilipochorwa. Kibao cha shule kinapong'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu, kisha miezi ikapita bila kingine kuwekwa, na rangi ya kivuko cha pundamilia inapofutika bila kupakwa tena, hapo kuna watu wenye dhamana ambao hawakufanya kazi yao, pamoja na sisi wanakijiji tulioona kibao kikiondoka tukanyamaza. Bunge la Sweden lilipopitisha sera yake ya usalama barabarani mwaka 1997, lilikubali kwamba wanaobuni na kusimamia barabara wana wajibu wa vifo vinavyotokea humo pamoja na wanaozitumia, na naamini sisi tunauhitaji msimamo huo kuliko wao, maana watembea kwa miguu wetu ni wengi na njia zao ni chache.

Kuhusu ule usemi kwamba ajali haina kinga, siwanyang'anyi wafiwa faraja yao. Lakini usemi huo ukishatoka msibani ukaingia ofisini kwa mwenye gari, unageuka kuwa kichaka cha kujifichia. Tarehe 11 Machi 2015, eneo la Changarawe karibu na Mafinga, kontena lililokuwa kwenye lori liliangukia basi la abiria na kuua watu zaidi ya 40, na taarifa za wakati ule zilitaja shimo lililokuwa barabarani. Shimo huzibwa, na kontena hufungwa likafungika. Tarehe 6 Mei 2017, huko Rhotia wilayani Karatu, basi dogo la shule lilitumbukia korongoni na kuua watu 35, wakiwamo wanafunzi 32. Dereva naye alifariki papo hapo, kwa hiyo hapakuwa na dereva wa kushtakiwa. Hata hivyo mmiliki wa shule alifikishwa mahakamani kwa mashtaka yaliyogusa leseni ya usafirishaji na bima. Nalikumbusha shauri hilo kwa sababu lilionyesha kwamba sheria inaweza kumfikia mtu ambaye hakushika usukani. Linaloniuma ni kwamba maswali kama hayo huulizwa baada ya mazishi, ilhali majibu yake yangeweza kukaguliwa getini gari likiwa bado limesimama.

Jambo moja la haraka kwa dada yako: Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kila gari kuwa na bima ya kumfidia mtu wa tatu, yaani mtu wa nje aliyeumizwa na gari hilo, kama mtoto wenu. Chukueni ripoti ya polisi na mchoro wa eneo la ajali, andikeni namba ya gari na jina la kampuni ya bima, kisha mwoneni wakili mapema, wala msikubali kusaini karatasi yoyote inayoletwa msibani pamoja na rambirambi.

SWALI: Mimi ni dereva kwa miaka mingi. Kila ajali ikitokea tunasoma "uzembe wa dereva". Tangu nianze kazi sijawahi kuona mkataba wa ajira; tajiri anataka hesabu yake kamili jioni; nikikataa kuondoka na tairi kipara, deiwaka, yaani dereva wa kibarua cha siku, yuko pale pale anasubiri ufunguo. Je, na hilo ni uzembe wangu?
Dereva, Mbeya

JIBU: Kaka dereva, malalamiko yako yana msingi, na hayakuanza leo. Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma karibu nchi nzima, na pamoja na kupinga agizo la kurudi darasani wanapohuisha leseni, walidai mikataba ya ajira. Wengi wetu tuliokwama vituoni siku ile tulikumbuka usumbufu tu, tukasahau dai.

Tazama jinsi hesabu inavyofanya kazi kwenye daladala. Tajiri amepanga kiasi chake. Mafuta ni juu ya dereva. Kinachobaki ndicho mshahara wake na wa konda. Foleni ikimla muda wa saa mbili asubuhi, ikifika saa kumi na moja jioni dereva bado anatafuta hela ya tajiri, na ya kwake hajaigusa. Hapo ndipo anapotanua pembeni ya barabara, anachomekea mbele ya mwenzake ili awahi abiria wa kituo kinachofuata, na konda anagonga bodi kuashiria waondoke wakati mama mwenye mtoto mgongoni ana mguu mmoja bado chini. Kumtoza dereva huyo faini ni sawa, ila faini hiyo nayo inaingia kwenye hesabu ya kesho, naye atakimbia zaidi ili aifidie. Ndiyo maana nasema mwenye gari anayelipa kwa mtindo huu ananunua mwendo kasi kila siku, na anapaswa kuitwa kituo cha polisi pamoja na dereva wake.

Hata hivyo, sitakubebea yote. Kuovateki kwenye kona ya mlima Kitonga hakuagizwi na tajiri. Kuwapigia taa wenzako ili wajue tochi ya polisi ya kupima mwendo iko mbele, nao wapunguze mwendo mahali pale pale tu, ni kumsaidia mtu aue mbele ya safari. Na tairi kipara unaliona kwa macho yako kabla ya mtu mwingine yeyote. Najua kukataa kunaweza kukugharimu kibarua. Ndiyo sababu dai la mikataba si la madereva peke yao, na abiria tunapaswa kulibeba pamoja nanyi.

SWALI: Dereva akikimbiza, abiria mmoja anaweza kufanya nini? Nikisema, wenzangu hunicheka.
Msomaji, Tanga

JIBU: Dada, sema mapema, kabla watu hawajasinzia, na umwambie konda kwa upole huku ukimshirikisha mzee au mama aliye karibu, kwa maana sauti mbili hazichekwi kwa urahisi. Kwa anayepiga kelele kwamba dereva akanyage mafuta, mpe hesabu hii: kati ya Morogoro na Dodoma ni kilomita zipatazo 260, na hata basi lingeweza kukimbia 100 badala ya 80 njia nzima, jambo ambalo miji na mizani haviruhusu, lingeokoa dakika zisizofika 40.

Konda asiposikia, namba za LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, na za askari wa usalama barabarani hubandikwa ndani ya mabasi mengi, na 112 ni ya polisi. Piga simu basi likiwa njiani, utaje namba ya gari na mahali mlipofika, kwa kuwa LATRA ina mfumo unaofuatilia mwendo wa mabasi na taarifa yako inaweza kulinganishwa nao. Ukishafika, rudi kwa aliyekukatia tiketi umweleze kwamba safari ijayo utapanda basi jingine, na sababu yake. Mwenye basi asiyejali faini hujali kiti kilichobaki wazi.