BCG na kinga ya kuzaliwa nayo

Je, kinga ya kuzaliwa nayo, ile ya mwili isiyongoja kumjua adui kwanza, inakumbuka? Inakumbuka, ila kwa namna yake. Shuleni tulifundishwa kumbukumbu ni ya seli B na T peke yake (seli nyeupe za damu zinazojifunza kumtambua adui mmoja mmoja), lakini tangu 2011 mtafiti wa kinga Mihai Netea na wenzake kule Uholanzi wanaiita hii "kinga iliyofunzwa". Mwaka uliofuata wakachapisha kwamba watu wazima waliochanjwa BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, hata miezi 3 baadaye, monositi zao (seli nyeupe za damu za kinga ya kuzaliwa nayo) zilijibu kwa ukali zaidi, mpaka kwa vimelea visivyohusiana na kifua kikuu. DNA haibadiliki, kinachobadilika ni jinsi inavyokunjwa, jeni fulani zinabaki wazi tayari kusomwa. Na kwa kuwa monositi huishi siku chache tu, funzo lenyewe hukaa kwenye seli mama zinazozizaa, ndani ya uboho wa mifupa. Hapo ndipo panaponishangaza mimi.

BCG naidunga kila wiki kliniki ya watoto hapa Kisumu: mkono wa kushoto chini ya kiwiko, 0.05 ml kwa mtoto mchanga, juu juu ndani ya ngozi mpaka kiinuke kivimbe cheupe.

Lakini mtu asiseme BCG inatosha kwa kila ugonjwa. Kumbukumbu hii haichagui adui na hufifia. Wakati wa korona BCG ilijaribiwa kwa wahudumu wa afya wa nchi kadhaa na haikuwakinga. Surua bado inataka chanjo ya surua.