Ukishusha kigae ziwani, usikiopoe kesho yake

Wadau habari za Jumapili. Walimu wenzangu wawili wameniuliza kuhusu ile kazi ya vigae tunayofanya na wanafunzi huku upande wa Igombe, Mwanza, yaani tunashusha vigae Ziwa Victoria tuone viumbe gani watahamia, sasa badala ya kumjibu mmoja mmoja naandika hapa yote, huenda na mwingine ikamfaa.

Mi nafundisha baiolojia. Mada ya wanyama wasio na uti wa mgongo nimeifundisha miaka mingi ubaoni tu, nachora sponji (yule mnyama wa majini mwenye vitundu mwili mzima, anakaa ameshika mahali pamoja), nachora konokono, watoto wanakariri, mtihani unapita, basi. Na ziwa liko palepale, ukitoka getini unatembea kidogo tu unakanyaga maji. Ndo siku moja nikasoma habari za watafiti wa bahari za Antaktika na Aktiki, ncha ya kusini na ya kaskazini ya dunia, kwamba wanashusha vibamba mpaka sakafu ya bahari, wanaviacha, halafu wanarudi kuangalia nani kahamia pale na amekua kiasi gani. Nikasema hii mbona tunaiweza, bamba lenyewe si kigae tu.

Tukashusha sita. Baada ya wiki mbili nikawa sina subira, tukaviopoa, tukaona utelezi wa kijani na hakuna kingine, nikawaambia watoto wasugue vizuri kwa brashi turudishe upya. Usiku nipo nyumbani naangalia picha nilizopiga kwa simu, nikaivuta moja karibu, nikaona vijibomba vya matope, vyembamba kama uzi, vimelala juu ya kigae vimepindapinda, kila kimoja kina tundu mwishoni. Ni nyumba za mabuu ya wale vijidudu wanaopanda juu ya ziwa kama moshi, ukiwa Kirumba asubuhi unadhani kuna mtu anachoma kitu kule majini. Yaani wahamiaji walikuwa wameshafika na kujenga, sisi tukawasugua wote. Iliniuma kweli.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza na mkubwa kuliko yote: kigae unachokiona kitupu usikioshe na usikitupe, piga picha, andika tarehe, rudisha majini. Kitupu nacho ni jibu, kinakwambia mpaka tarehe fulani hakuna aliyefika au aliyefika bado ni mdogo kuliko jicho lako.

Aliyenifundisha hili ni Paul Dayton, mtafiti Mmarekani, japo hatujawahi kukutana. Yeye na wenzake walianza kuzamia McMurdo Sound, mkono wa bahari kule Antaktika, miaka ya 1960, maji yako karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, hayagandi yote kwa sababu ya chumvi tu. Wakaacha chini vifaa vyao vya majaribio kati ya 1967 na 1975, wanasubiri waone sponji za kioo zikishika. Sponji za kioo ni zile ambazo mifupa yake ni vijisindano vya silika, malighafi ileile ya kioo, na nyingine zinakua kubwa kuliko pipa. Wakasubiri. Mwaka wa kwanza hakuna, wa tano hakuna, miaka inapita watu wanazeeka, karibu hakuna kitu, mpaka ikazoeleka kusema hizi sponji hazikui, au zinakua polepole mno kiasi kwamba maisha ya mtu hayatoshi kuona. Halafu mwaka 2004 wazamiaji wakakuta zimejaa kwenye baadhi ya vile vifaa vya zamani, na si vichanga, ni sponji kubwa! Walipokuja kupima vizuri mwaka 2010 ikaonekana nyingi zilishika mwishoni mwa miaka ya 1990 kuelekea 2000, zikakua kwa kasi ambayo hakuna aliyeitegemea.

Sasa fikiria angekuwa na haraka kama yangu, aking'oa vifaa mwaka wa kumi kwa sababu havina kitu. Au daftari la tarehe likipotea. Zile sponji zingeonekana tu, hakuna ambaye angeweza kusema zina umri gani.

Wanafunzi huwa wananiuliza kwa nini kule inachukua muda hivo. Baridi yenyewe ni sababu, mwili wa mnyama kwenye maji ya namna ile unajijenga taratibu sana, hata watoto wao wanachelewa, kuna urchini (mnyama wa duara mwenye miiba) wa Antaktika ambaye mtoto wake anaelea majini karibu miezi minne kabla hajatua chini na kuanza maisha ya utu uzima. Nyingine ni chakula. Wengi wa hawa wanaoshika mwambani wanakula vitu vidogovidogo vinavyoelea, na mwani wa majini unahitaji jua, na kule jua linapotea majira ya baridi, kwa hiyo shibe ni ya miezi michache ya kiangazi, iliyobaki ni kuvumilia. Halafu kuna barafu. Vipande vikubwa kama mlima vinavyoelea vinakwangua sakafu ya bahari kama greda linavyokwangua barabara, waliokuwepo wanasagwa, eneo linaanza sifuri. Na pale McMurdo barafu nyingine inaota chini kabisa, kwenye mawe, mpaka kina cha kama mita 30, na kwa kuwa barafu ni nyepesi kuliko maji, ikiongezeka inang'oka na kupanda juu na kila kilichoshikwa humo, sponji, viti vya pweza, wote. Ndo maana maeneo ya juujuu kule unakuta yako wazi na huko chini ndo kuna mji.

Kwenye vilindi ni taratibu zaidi. Aktiki, upande wa magharibi ya visiwa vya Svalbard, kuna vibamba viliachwa kina cha mita 2,500 mwaka 1999 vikaopolewa 2017. Miaka 18! Aina za wanyama wasio na uti wa mgongo waliokutwa wamehamia ni 13 tu.

Ziwa letu lina nyuzi 24, 25 hivi mwaka mzima, jua lipo, chakula kipo, kwa hiyo usiogope kwamba utasubiri miaka 18. Kwetu mwezi wa kwanza ni utelezi na vijibomba, baadaye konokono na mayai yao yale kama jeli, na kwenye kigae kimoja, upande wa chini usiopigwa jua, tukapata sponji. Sponji ya ziwani, Mwanza, imetandaa kama ukoko wa ugali kwenye sufuria! Binti mmoja wa kidato cha tatu akaniambia mwalimu mi nilijua sponji iko kwenye kitabu tu.

Mambo ya kazi sasa. Vigae usinunue, mafundi wana vipande wanatupa, omba. Tumia upande wa nyuma, ule wa kukwaruza, upande unaong'aa viumbe wanashika kwa shida. Ning'iniza kigae kilale, ili kiwe na uso wa juu na uso wa chini, maana wanaohamia huku na huku ni tofauti kabisa. Namba ikwangue kwa msumari, rangi inabanduka. Dumu la kuonyesha mahali usiweke, sisi tuliweka madumu mawili, wiki haijaisha yote yamechukuliwa na kamba yake. Chukua alama za mawe, kama wavuvi wanavyofanya, jiwe fulani likae sawa na mti fulani. Na watoto wasiingie majini, hao konokono tunaowatafuta baadhi yao ndo wenye kichocho, fanyeni kazi mkiwa kwenye mtumbwi, maboya ya kuvaa, glavu mkononi.

Na linganisha. Kule Rothera, kituo cha Waingereza Antaktika, walipasha vibamba joto nyuzi 1 tu juu ya maji yanayovizunguka, matokeo yalitoka 2017, baadhi ya viumbe walikua karibu mara mbili ya kawaida, na brayozoa (vijinyama vinavyoishi kwa makundi vimeshikana kama utando) wa aina moja akatawala kibamba karibu chote ndani ya miezi miwili, wengine wakakosa nafasi. Hapa nilisimama nikafikiria furu, wale samaki wadogo wa asili, na sangara aliyeletwa, sisi watu wa ziwa hii habari ya mmoja kustawi na wengine kupungua tunaijua. Wewe huna hita, lakini unaweza kuweka vigae vitatu kwenye kivuli cha jiwe na vitatu kwenye jua, ukaona.

Kigae namba 4 hatujakisugua wala kukiondoa tangu tulipokirudisha upya, tunakipiga picha kikiwa kwenye kamba kinarudi palepale. Tarehe yake iko ukurasa wa kwanza wa daftari na nakala iko ofisini, kidato cha kwanza wa mwaka huu tumeshawapeleka kwa mtumbwi kuwaonyesha jiwe lilipo.